Kupima maji kwenye bomba bila kulikata: mwongozo kamili wa mita ya altrasoniki ya kubana nje

Kuna siku unaitwa kisimani, mwenye kisima anasema pampu imechoka, fundi pampu anaapa pampu ni nzima ila kisima ndo kimeishiwa, na katikati yenu kuna bomba jeusi la HDPE, ile plastiki ngumu, la milimita 110 linaingia ardhini na hakuna mita hata moja. Kukata bomba ufunge mita ya kawaida maana yake unafunga maji siku nzima na foleni ya ndoo iko pale inakuangalia. Hapo ndo unapoishukuru mita ya altrasoniki ya kubana nje, unapaka grisi, unabana senso mbili juu ya bomba, na kama umejipanga vizuri ndani ya dakika 20 una namba ya kuwaonyesha wote wawili.

Shida ni kwamba namba itatoka hata ukikosea. Mita hii haijui bomba lako ni la kitu gani, lina unene gani, wala ndani kuna nini, yote hayo wewe ndo unaiambia, yenyewe inachopima ni muda tu. Nimeshaona mtu ana mita ya bei mbaya anatoa majibu ya ovyo kwa sababu hakubeba futikamba.

INAVYOJUA KASI YA MAJI

Aliyewahi kupiga kasia Rufiji anaelewa hili bila darasa, ukishuka na maji unafika mapema, ukipanda unachelewa, na ukijua umechelewa kiasi gani unaweza kusema maji yanakwenda kasi gani. Sasa badala ya mtumbwi weka mlio wa sauti. Senso mbili zinafungwa kwenye bomba, moja upande maji yanakotoka, nyingine upande yanakokwenda. Ya kwanza inatuma mlio, ya pili inasikiliza, halafu zinabadilishana zamu. Mlio wenyewe ni mkali mno kwa sikio, sikio la binadamu linaishia kama kilohazi 20, mita nyingi za aina hii zinacheza kwenye megahazi 1 hivi.

Ukubwa wa tofauti yenyewe ndo unaotisha. Chukua bomba lenye upana wa ndani milimita 200, sauti inakatiza kwa pembe ya digrii 45, njia yake ni kama milimita 283. Sauti kwenye maji inakwenda takriban mita 1,480 kwa sekunde, kwahiyo safari nzima ni mikrosekunde 191, na mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde. Maji yakitembea mita 1 kwa sekunde, tofauti kati ya sauti iliyoshuka na iliyopanda ni mikrosekunde 0.18. Basi. Hicho kiduchu ndo mita inakitafuta, inarudia mara nyingi sana na kuchukua wastani, ndo maana chochote kinachotikisa sauti njiani, hewa, kutu, grisi iliyokauka, kinakuharibia kazi.

Ikishapata kasi inazidisha na eneo la ndani la bomba. Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe kwenye simu: HDPE ya 110 ya PN10, yaani ya kuhimili presha ya baa 10, kwa kawaida ina unene wa milimita 6.6, ndani inabaki 96.8, eneo lake ni mita za mraba 0.00736. Kasi ikiwa mita 1.2 kwa sekunde, unazidisha na 3,600, unapata kama mita za ujazo 31.8 kwa saa, yaani yuniti 31.8 kama zile za kwenye bili.

Kuna aina nyingine inaitwa ya Doppler, hiyo haipimi muda, inategemea sauti igonge uchafu au povu lililomo kwenye maji irudi na mlio uliobadilika. Hiyo peleka kwenye maji taka. Kwenye maji safi ya kisima haina cha kugonga na itakupa namba za kuotea. Watu wananunua bila kuuliza halafu wanalaumu muuzaji.

HATUA YA 1: TAFUTA SEHEMU, USIKIMBILIE KUFUNGA

Hapa ndo nusu ya kazi na ndo watu wanaporuka. Bomba lazima liwe limejaa maji muda wote unaopima. Mita haijui kama limejaa nusu, yenyewe inachukulia duara zima ni maji. Bomba lililosimama ambalo maji yanapanda ni zuri sana, kwa sababu haliwezi kuwa nusu tupu na hewa inapita haraka. Bomba ambalo maji yanashuka wazi kuelekea tenki liepuke kabisa, mara nyingi ndani ni maji na hewa vinagombania njia.

Pili, tafuta sehemu iliyonyooka. Maji yakitoka kwenye elbo yanazunguka na yanaelemea upande mmoja, wakati mita inaamini yanatiririka kwa utulivu, katikati haraka na pembeni polepole. Kipimo cha kawaida ni urefu wa kipenyo mara 10 kabla ya senso na mara 5 baada yake. Kwa bomba la 110 ni mita 1.1 kabla na sentimita 55 baada. Kama kilichopo kabla ni pampu au valvu iliyofungwa nusu, nenda mara 30, yaani kama mita 3.3. Najua, visima vingi kichwani pamebanana, kuna elbo, valvu, geji ya presha, tii, vyote kwenye mita mbili. Toka nje, fuata bomba, chimba kama ikibidi. Jembe la nusu saa lina faida kuliko kubishana na mita mchana kutwa.

Tatu, kama bomba limelala, senso zikae ubavuni, yaani ukilitazama bomba kama uso wa saa ya ukutani, ziwe kwenye 3 au 9. Juu kabisa kuna hewa, chini kabisa kuna mchanga, na kisima kipya mchanga haukosi.

HATUA YA 2: PIMA BOMBA LENYEWE

Usiniambie "ni la inchi nne". Inchi nne la chuma, inchi nne la PVC na HDPE ya 110 vinaweza kuwa na kipenyo cha nje tofauti. Zungusha futikamba kwenye bomba, soma mzunguko, gawa kwa 3.1416. Ukipata mzunguko milimita 346, kipenyo ni 110.1, safi. Futa tope kwanza, na kamba isikae mshazari, maana ikiinama kidogo tu inaongeza.

Unene ndo wenye kesi. Ukiwa na kile kifaa cha kupimia unene kwa sauti umemaliza, pima sehemu nne kuzunguka bomba uchukue wastani. Usipokuwa nacho, soma maandishi ya bomba, kwenye HDPE huwa yameandikwa kwa urefu wote kila baada ya mita, kipenyo na unene na PN. Yakiwa yamefutika, tafuta kipande kilichobaki cha bomba lile lile, mafundi hawatupi vipande, uliza jikoni au bandani kwa kuku, halafu kipime kwa venia, ile rula ya kubana.

Hili nalisema kwa uchungu. Kuna shamba moja nilienda, bomba 110, maandishi yamekwanguka, mi nikakadiria ni PN16 kwa sababu liligonga kama zito. PN16 unene wake ni milimita 10. Nikajaza, nikafunga, sauti ikakamata vizuri tu, mita ikasoma yuniti 19.9 kwa saa. Mwenye shamba akaanza kumfokea fundi pampu palepale, maana aliahidiwa zaidi ya 21. Nashukuru kulikuwa na simtanki ya lita 5,000 pembeni, tukaifungulia tupu, ikajaa kwa dakika 14. Ukipiga hesabu hiyo ni 21.4. Fundi alikuwa sahihi, mi ndo nilikuwa nimekosea. Tukaenda kuchimba pale bomba linapoingia ardhini, maandishi yalikuwepo mazima, PN10. Nikabadilisha unene kuwa 6.6, nikasogeza senso kufuata nafasi mpya, ikasoma 21.3. Nikamuomba fundi samahani mbele ya watu.

Ukikosea unene vile, eneo la ndani linapungua karibu asilimia 14, ila mita yenyewe inadhani sauti imepita njia fupi kwahiyo inaongeza kasi kidogo, mwisho wa siku kosa linabaki kama asilimia 7. Ni kosa baya kwa sababu halionekani kwenye namba ya maji, yenyewe inakuja imetulia kabisa.

Mabomba ya chuma ya zamani yana kesi yake, ndani kuna ganda la kutu ambalo futikamba haioni, na yale yenye plasta ya saruji ndani lazima uiambie mita kuna plasta na ina unene gani. Kama plasta imeachana na chuma na kuna hewa katikati, sauti haipiti hata ufanyeje, tafuta sehemu nyingine.

HATUA YA 3: IAMBIE MITA UKWELI

Mita za mkononi zilizojaa mtaani nyingi ni za familia ya TUF-2000, menyu zake zinaitwa kwa namba za M, kwahiyo natumia hizo, yako ikiwa nyingine maneno ni yale yale. M11 unaweka kipenyo cha nje, M12 unene, M14 aina ya bomba, M16 plasta ya ndani kama ipo, M20 kimiminika ambacho ni maji, M23 aina ya senso ulizonazo, hii watu wanaisahau, ukiwa na senso za kati ukaacha imeandikwa kubwa umekwisha. M24 ni staili ya kufunga.

Staili ziko tatu za kujua. V maana yake senso zote zinakaa upande mmoja, sauti inakwenda inagonga ukuta wa pili inarudi. Hii ndo anza nayo kwa mabomba ya kawaida, milimita 50 mpaka 300 hivi. Z ni senso moja upande huu na nyingine upande wa pili, sauti inapita mara moja tu, inafaa bomba kubwa, bomba chakavu au sauti ikiwa dhaifu. W ni ya mabomba madogo, sauti inadunda mara kadhaa ili njia iwe ndefu.

Ukimaliza fungua M25, itakupa nafasi ya kuacha kati ya senso kwa milimita. Iandike mkononi kabisa. Na kwenye mita hizi nafasi hiyo inapimwa kutoka ukingo wa ndani wa senso moja hadi ukingo wa ndani wa nyingine, sio katikati kwa katikati, ila kama mita yako ni kampuni nyingine soma kitabu chake kwanza.

HATUA YA 4: NGOZI YA BOMBA, GRISI, NA KUBANA

Sehemu senso itakapokaa isugue na msasa laini mpaka iwe nyororo, toa rangi inayobanduka na kutu. Kwenye bomba la mabati usimalize zinki, toa uchafu tu. Futa na kitambaa kikavu.

Grisi kazi yake ni kufukuza hewa kati ya senso na bomba. Hewa nyembamba kama karatasi inatosha kuzuia sauti yote, ni kama kule hospitali mjamzito anapopakwa jeli tumboni kabla ya altrasaundi, sababu ni hiyo hiyo moja. Na kweli jeli ile inafanya kazi kwenye bomba, tatizo inakauka upesi. Grisi ya silikoni ni bora. Mafuta mazito ya mgando ya kujipaka yatakuokoa kwa kipimo cha nusu saa kivulini, juani kwenye bomba jeusi yanayeyuka na kutiririka ukiyaangalia. Paka mstari mmoja mnene katikati ya uso wa senso, halafu ikandamize ili grisi itoke pembeni yenyewe. Ukipaka ukasambaza na kidole kama siagi kwenye mkate unafungia vipovu humo ndani.

Angalia senso ipi ni ya juu ya mkondo, kebo zina rangi au alama. Ukizigeuza mita itasoma namba yenye alama ya kutoa mbele, sio ajali, zibadilishe tu. Funga strapu au cheni kiasi cha senso kutotikisika, plastiki usiikaze mpaka ibonyee.

Kwa Z kupata upande wa pili kamili ni rahisi kuliko inavyosemwa. Chukua karatasi ya manila, izungushe kwenye bomba kingo zikutane sawasawa, weka alama pale mwisho unapokutana na mwanzo. Itoe, ikunje katikati mara moja, mkunjo huo ndo upande wa pili wa bomba. Irudishe, chora mstari kwenye alama na mstari kwenye mkunjo, kisha pima nafasi ya M25 kwenda mbele kwa upande mmoja.

HATUA YA 5: SIKILIZA MITA INAVYOJISIKIA

Kabla hujaangalia namba ya maji nenda M90. Kuna nguvu ya sauti na kuna ubora, Q. Q ikiwa juu ya 60 unaweza kuendelea, ikicheza chini ya hapo usiandike chochote. Kisha M91, uwiano wa muda mita iliotarajia na uliopatikana, unatakiwa uwe kati ya 97 na 103. Ukiwa nje ya hapo, Q hata iwe 90, kuna kitu umeidanganya, kipenyo, unene au nafasi. Sogeza senso moja taratibu, milimita moja moja, huku unaangalia.

Mimi napenda zaidi M92, inakuonyesha kasi ya sauti iliyoipata. Maji safi ya nyuzi 25 sauti inakwenda kama mita 1,497 kwa sekunde, ya nyuzi 30 kama 1,509. Kwa joto la maji yetu ukiona 1,500 na chenji kidogo tulia. Ukiona 1,400 na maji sio barafu, rudi hatua ya 2 bila kubishana.

Sauti ikikataa kabisa, maswali yangu huwa kwa mpangilio huu: bomba limejaa? grisi ipo au imetiririka? senso ziko mstari mmoja? kuna hewa? Hewa unaigundua kwa Q inayopanda na kushuka kama homa. Hama kutoka V uende Z, ikishindikana hama sehemu.

HATUA YA 6: SIFURI

Funga valvu, maji yasimame, bomba likiwa bado limejaa. Mita inatakiwa isome sifuri au karibu sana. Ikisoma kitu kidogo kisichobadilika, M42 inakuwezesha kukiondoa. Ila uwe na uhakika wa moyoni kwamba maji yamesimama, kwa sababu ukiweka sifuri wakati valvu inapitisha chini chini umeshauzika huo uvujaji, mita haitauonyesha tena.

Kisimani kuna kitu kizuri hapa. Zima pampu, angalia skrini. Ikianza kusoma kutoa, yaani maji yanarudi nyuma, ujue valvu ya kuzuia kurudi imekufa na kila pampu ikizimwa maji yanashuka kisimani, umeme unaenda bure kuyapandisha upya kila asubuhi. Fanya haraka maana bomba likishakauka sauti inapotea.

HATUA YA 7: PIMA KWA MUDA, HALAFU HAKIKI

Usisome namba moja ukaondoka. Acha dakika 10, tumia hesabu ya jumla ya mita, linganisha na saa ya simu. Kasi ikiwa chini ya sentimita 10 kwa sekunde usiiamini sana, ile tofauti ya muda inakuwa ndogo kiasi kwamba kelele inaimeza. Makaratasi ya mita nyingi yanasema asilimia 1. Kwa kazi ya shambani mi nikipata ndani ya asilimia 3 za tenki nalala usingizi.

Tenki ndo hakimu. Kama lipo lenye ujazo unaojulikana, lijaze ukiwa na saa mkononi. Usipofanya hivi hata mara moja kwenye kituo kipya hujapima, umesoma skrini. Na kama matokeo yanaenda kwenye bili au kesi, mita ya mkononi haitoshi, kwa Tanzania vipimo vya biashara ni mambo ya Wakala wa Vipimo.

Kabla sijasahau, kuna mita ndogo za altrasoniki za majumbani pia, kanuni ile ile ila senso ziko ndani. Hazina pangaboi la kuzunguka, kwahiyo mgao ukirudi na bomba likaanza kutapika hewa, hazihesabu upepo kama zile za zamani tunazolalamikia kila mwezi.

Ukimaliza, chora mahali senso zilipokaa kwa maka pen au kwaruza kwa msasa, kisha andika daftarini kipenyo, unene, staili, nafasi ya M25, Q, uwiano, kasi ya sauti na saa uliyopima. Ukiitwa tena pale baada ya miezi sita kubishania pampu ile ile, unarudisha senso kwenye michoro ile ile unaanza na hizo namba. Futa grisi kwenye senso na kitambaa laini, sio msasa, uso wake ukichubuka unanunua nyingine.